Manyoya Yanaangalia Wapi

Ruben alizikwa Kashebere siku ya Jumamosi, nami nikafika Jumapili, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara ya kutoka Masisi mahali pawili na ilinibidi kutembea sehemu kubwa ya njia. Nilikuta watu wamekaa chini ya turubai mbele ya nyumba yake, wanakula ndizi za kuchemsha na mawese, na binti yake mkubwa, Furaha, amepakata kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Nilikijua kabla hajakifungua. Kilikuwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mrefu kuliko mtu, mwembamba kama kiganja, manyoya mekundu bado yamo. Furaha akaanza kuwahadithia waombolezaji hadithi ambayo baba yake aliihadithia maisha yake yote, huku akinionyesha kwa kidevu. "Huyu muzee njo alikuwa fundi. Yeye na Papa walipanda na muzungu mumoja mpaka kwenye barafu, kule Ruwenzori. Kumbe fundi alikosea kushona hizi ngozi, na hakuna muntu aliona. Sasa mbele ya muzungu kuvaa, fundi akasema: 'Bwana, simama, nimekosea.' Mara moja! Papa alikuwa anatuambia, muntu wa kweli ni ule anasema kosa yake mbele haijaonekana." Watu wakatikisa vichwa na kunitazama kwa heshima. Mzee mmoja akanisogezea kiti kizuri zaidi. Nikakaa. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza wakati ule, na chakula nilichokuwa nimeshika kikapoa mkononi. Kila kitu katika hadithi ile kilikuwa kweli isipokuwa neno moja, na neno hilo ndilo lililonipatia kiti.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, na useremala nilijifunza mwenyewe, kwa kuiba. Sikuiba vitu, niliiba namna ya kuvitengeneza. Niliwahi kukifungua kiti cha kanisani kipande kwa kipande wakati watu wako shambani, nikachora kila kiungo kwa mkaa kwenye ubao, nikakirudisha kabla ya sala ya jioni. Mtu aliyefundishwa na mwalimu anajua kazi yake imetosha lini, kwa sababu kuna aliyemwambia. Mimi hakuniambia mtu. Kwa hiyo sikumaliza kitu chochote bila kukirudia mara tatu, na usiku nililala nikifikiria mguu wa meza ambao labda ulikuwa mfupi kwa unene wa ukucha. Wafanyakazi wa shamba la pareto, ambako nilikarabati masanduku na trei za kukaushia maua, waliniita Milimetre. "Milimetre, kuja upime ugali yangu kama iko sawa!" Nilicheka nao, lakini niliumia. Nilikuwa na tamaa moja tu, kupata nafasi katika karakana ya misheni, mahali ambapo vijana walifundishwa useremala kwa utaratibu. Padri aliyesimamia karakana alinisikiliza kwa upole akiwa amesimama mlangoni, kisha akasema kwamba bila sertifika ya shule hawezi kunipokea hivi hivi. "Lete barua ya muntu aliyeona kazi yako," akasema, "muntu mwenye kujua kazi ni nini." Niliondoka nikihesabu watu wa namna hiyo ninaowajua. Nilimpata mmoja.

Huyo alikuwa Bwana Emili, msimamizi wa nyumba ya kukaushia pareto. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miaka karibu sitini, aliyezaliwa katika nchi ya milima kule Ulaya. Aliishi peke yake katika nyumba ya mbao juu ya kilima, nyumba iliyonuka maua makavu na kahawa, na ukutani palikuwa na picha moja tu, ya mlima mweupe wenye mistari miwili myembamba ikishuka kama nyuzi. Siku moja aliniita nyumbani kwake, akafungua stoo, akanionyesha msiba wake. Mbao zake za kutelezea kwenye theluji, alizokuja nazo kwa meli miaka mingi iliyopita na ambazo hakuwahi kuzitumia hata siku moja, zilikuwa zimeliwa na mchwa. Alipozishika ziligeuka unga. Vilibaki vyuma vya kufungia viatu, ncha moja iliyopinda kama pua ya mtumbwi, na mikanda miwili ambayo zamani ilikuwa ya ngozi ya mnyama wa baharini. Panya na mende walikuwa wamekula manyoya yote, ukabaki upara. Alinikalisha mezani, akanipa mkate na jibini, akaniomba nimtengenezee nyingine, akanieleza kwa Kiswahili chake cha shambani. "Kwetu, mwezi kama huu njo wakati. Asubuhi barafu iko nguvu, saa sita inalegea. Muntu anapanda na hii miti mpaka juu, halafu anashuka. Mi nataka mara moja tu, mbele ya kurudi kwetu. Kupita mwaka kesho sitaweza. Hata sasa sijui kama ningali naweza." Aliyasema hayo ya mwisho akiitazama miguu yake. Nikamuuliza mikanda ni ya nini. Akajibu, "Ngozi njo inazuia kuteleza." Hapo ningeuliza swali la pili. Sikuuliza. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huogopa swali la pili, maana swali la pili ndilo linaloonyesha kwamba hata la kwanza hakulielewa. Nilisema tu, "Nimesikia, Bwana," nikaomba barua kama kazi itakuwa nzuri, naye akakubali kabla sijamaliza kusema.

Mti wa kufaa haukuwepo Masisi. Nilihitaji kitu kinachopinda bila kuvunjika, na watu waliniambia niende Walikale, kwa wawindaji wanaochonga pinde. Hivyo ndivyo nilivyomjua Ruben. Alikuwa kijana kama mimi, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba tangu utotoni, na mdomo usiopumzika. Tulitembea kutoka Kashebere kuelekea upande wa Itebero siku nzima, ndani ya msitu ambao kwangu mimi mtu wa vilima vya wazi ulikuwa kama nyumba isiyo na madirisha. Alipoupata mti wake, mweupe na wenye gome laini, nilitoa msumeno wangu. Akaucheka mpaka akakaa chini. "Milimetre" (jina lilikuwa limenitangulia hata huko) "unataka kukata upinde na meno? Musumeno haijui muti inaenda wapi. Inapita tu kama muntu mulevi." Akaupasua kwa kabari, polepole, akiuacha mti wenyewe uchague njia. Vipande vilitoka vikiwa na mikunjo midogo, havikunyooka kama nilivyotaka, nami nilisononeka nikasema nitavinyoosha kwa randa. Akanishika mkono. "Ukikata mushipa yake, itakufa. Fuata yeye. Wewe si mukubwa yake." Usiku ule tulilala kwa shangazi yake, tukala samaki wa mtoni na ndizi, na kupitia ukuta wa matete nikamsikia yule mama akimwuliza, "Huyu anatengeneza nini?" Ruben akajibu, "Kiatu ya muti, refu kama mulango." Kisha mama akasema, "Basi tumuombee." Miaka yote hii, nikiwa na wasiwasi juu ya kazi fulani, naisikia ile sauti nyuma ya matete na napata nafuu kidogo.

Tulizikausha mbao juu ya moshi wa jiko kwa miezi, kama wanavyokausha pinde. Ncha tulizipinda kwa mvuke wa pipa katika nyumba ya pareto, Ruben akivuta kamba na mimi nikipima. Alikuwa amekuja Masisi kuniangalia nisiiharibu miti yake, na akabaki. Mbao zilipokwisha zilikuwa nzuri. Nakiri bila haya kwamba zilikuwa nzuri. Tulimpeleka Bwana Emili kwenye mteremko wa majani yaliyolowa mvua, akateleza hatua ishirini, akaanguka, akalala chali akicheka kama mtoto, na ng'ombe wa jirani wakasimama kumtazama. Zikabaki ngozi. Ngozi niliipata kwa Mama Veneranda, mfugaji wa upande wa Kitshanga aliyetuletea maziwa na mashanza, yale ya mgando, kila asubuhi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na ngozi alizitengeneza mwenyewe, laini kama shuka. Alinikuta nikipima kwa chaki. Akauliza, "Fundi, manyoya itaangalia wapi?" Nikamwambia yataangalia mbele. Akaweka kibuyu chake chini. "Mbele? Ngombe ikipanda mulima, majani inapita juu ya manyoya, haishike. Ikirudi nyuma, njo inashika. Mungu alipanga vile." Nikamjibu, kwa ile sauti ya kijana aliyejua kusoma namba za futi, kwamba hii si ng'ombe, Mama, hii ni kazi ya kupima. Akainua mabega, akachukua kibuyu chake, akaenda.

Acha nieleze nilivyofikiri, maana sikufikiri kijinga, nilifikiri kama mtu wa Masisi. Kwetu kupanda hakumwui mtu. Kupanda kunachosha, basi. Kinachovunja watu mifupa ni kushuka, wakati wa masika, na mzigo kichwani, kwenye udongo uliogeuka sabuni. Hakuna mtoto wa vilima vile ambaye hajaanguka akishuka. Kwa hiyo niliposikia kwamba ngozi inazuia kuteleza, niliona mteremko moja kwa moja, na nikayageuza manyoya yatazame mbele, yakamate theluji na kumpunguzia Bwana mwendo. Nilishona kitanzi cha kuvalisha kwenye ncha moja ya kila ukanda, na ncha ya pili nikaitengenezea kipande cha kukamata mkia wa ubao, kushona kudogo, kwa uzi uliotiwa nta, mishono iliyolingana kama punje za mhindi. Nilimaliza asubuhi ile ile ya kuondoka. Nikazikunja kanda manyoya yakiwa ndani, nikazitia kwenye mfuko wangu mwenyewe, na sikumruhusu mtu kuzigusa.

Tulikwenda kaskazini kwa lori la pareto, kisha kwa lori jingine, siku nyingi za matope na makayabu, samaki wa chumvi tuliokula njiani, hadi Mutwanga, chini ya mlima. Watu wa pale walimwambia Bwana Emili kwamba huu si mwezi wa kupanda, ni mwezi wa mvua, asubiri. Akasema kwao ndio mwezi, na wao wakatazamana. Mimi nilibeba mfuko wa vifaa vyangu vyote, na Ruben, aliyebeba mbao mgongoni kama mtu aliyebeba mlango wa nyumba yake, hakuniacha nipumue. "Koleo ya nini? Nyundo ya nini? Ona, hata sindano ya viatu! Unaenda kumushonea mulima shati?" Tulipanda siku nne pamoja na wapagazi wa pale. Kwanza mianzi, halafu miti iliyovaa ukungu na nywele za kijani, halafu matope ambayo mguu uliingia mpaka goti. Bwana Emili alichoka mapema kuliko sisi wote. Siku ya pili mpagazi mmoja alimchukulia begi, siku ya tatu mwingine akamshika kiwiko, na kila jioni aliitazama miguu yake kwa namna niliyoiona mara ya kwanza mezani kwake. Hakuilalamikia. Aliitazama tu, kama mtu anayemtazama rafiki wa zamani ambaye hamwamini tena.

Katika kibanda cha juu kabisa, wapagazi walipokwisha kushuka hadi kibanda cha chini, tulibaki watatu. Palikuwa na chumba kimoja cha mabati na mbao, jiko dogo, na vitanda vya matete. Mvua ilikuwa imekoma na Bwana Emili alifurahi. Alipika mwenyewe supu ya unga na vitunguu, akatugawia katika vikombe, na akaanza kutuchorea kesho kwa kijiko juu ya meza. "Hapa tunaanza barafu. Tunavaa miti na ngozi. Tunapanda, tunapanda, ngozi inashika, muguu hairudi nyuma. Juu kabisa navua ngozi, naweka ndani ya koti. Halafu…" akapeperusha kijiko kushuka meza nzima, "bila kitu! Kama ndege." Kupanda. Ngozi ilikuwa ya kupanda. Nilisikia sauti ya Mama Veneranda na kibuyu chake kikiwekwa chini. Nilipoinua macho nilimwona Ruben ananitazama, kwa sababu yeye alikuwepo siku ile ya chaki, na yeye hakuwa mjinga hata kidogo. Bwana alipotoka nje kuangalia mawingu, Ruben alifungua mfuko wangu, akapitisha kiganja juu ya ngozi, mara moja kwenda, mara moja kurudi. "Milimetre," akasema polepole, "hii ngombe inatembea kinyumenyume." Nikasema najua. "Basi mwambie." Nikasema nitamwambia. "Leo?" Nikaufunga mfuko. Nilikuwa naiona barua yangu, ile ambayo haijaandikwa, ikichanwa. Nilijiambia pengine theluji ni kitu kingine, pengine haijali manyoya yanaangalia wapi, mimi sijawahi kuiona, nani ajuaye. Bwana alirudi ndani akisema nyota zimetoka. Nikalala na mfuko chini ya kichwa.

Asubuhi ilikuwa safi mpaka ikaniogopesha. Sitaweza kueleza theluji kwa mtu ambaye hajaiona, na aliyeiona hanihitaji. Nitasema tu kwamba nilichoshangaa zaidi ni ukimya wake. Kwetu kila kitu kinachoanguka kutoka mbinguni kina kelele. Ruben aliionja, akatema, akasema haina chumvi. Nilipiga magoti nikazivalisha mbao kanda zile mimi mwenyewe, manyoya chini, haraka, ili Bwana asizishike. Akafunga viatu, akavaa miwani yake nyeusi, akaanza. Hatua ya kwanza ubao ulikataa kwenda mbele, kama punda. Akasukuma. Ukaenda kidogo, na alipouwekea uzito ukarudi nyuma ulikotoka. Hatua ya pili vivyo hivyo. Akajaribu upande wa kulia, akajaribu upande wa kushoto, akipumua kwa nguvu. Mtu mwingine angegeuza ubao na kuangalia chini yake. Lakini yeye alikuwa na hofu moja tangu Masisi, na mwenye hofu akipata ushahidi hatafuti mwingine. Alihangaika kwa muda ambao nikiukumbuka naona ni mrefu kuliko siku zote nne za kupanda, na katika muda huo wote hakuenda mbele zaidi ya urefu wa nyumba. Nami nilisimama. Nakiri, nilisimama na mikono yangu mifukoni. Halafu aliketi chini pale pale kwenye theluji, akavua miwani, akasema kwa utulivu, bila hasira hata kidogo, "Basi. Imeisha. Miguu imekufa." Akajipigapiga magoti kama mtu anayemfariji mtoto. "Hapana kosa ya muntu. Ni uzee. Turudi, vijana wangu."

Kama angenitukana, nadhani ningenyamaza hadi leo. Nilikwenda mbele yake, nikapiga magoti tena, na maneno yakatoka yakiwa yamevunjika. "Bwana, si miguu. Miguu iko muzima. Ni mimi. Manyoya… nilishona manyoya inaangalia mbele. Nilifikiri ni ya kushuka." Alinitazama. Akanyanyua ubao mmoja, akapitisha kidole chini yake, kwenda na kurudi. Nilingoja hasira. Badala yake akauliza swali la pili, lile ambalo mimi sikuuliza mezani kwake. "Tangu lini unajua?" Ningeweza kudanganya kwamba nimejua sasa hivi tu. Ruben alikuwa nyuma yangu, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikasema, "Tangu jana jioni, Bwana. Wakati wa supu." Akautazama mlima mbele yake, ile picha ya ukutani yenyewe. "Na uliniacha nikae hapa chini," akasema. Halikuwa swali. Kisha akavua glavu zake, akanirushia. "Shona."

Nilitoa sindano ya viatu. Ruben hakunicheka. Kufumua kitanzi kimoja kulinichukua muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimekishona vizuri mno, na niliilaani kila punje ya mhindi niliyojivunia. Glavu hazikufaa kwa kushona, nikazivua, na vidole vikafa kimoja kimoja. Ruben alifungua koti lake, akaiingiza mikono yangu kwapani mwake, akaishika hapo mpaka ikarudi, kisha akanisukuma, "Endelea," kisha tena kwapani, "Endelea." Jua lilikuwa linapanda na sote tulijua likifika juu theluji italegea. Hapakuwa na nafasi ya kurudia hata mara moja. Ili kanda zigeuke na manyoya yatazame nyuma, nilihamisha vitanzi kwenye ncha za pili kwa mishono mikubwa iliyopotoka, mingine imelala, mingine imeruka, kazi ambayo shambani ningeificha chini ya majani. Bwana Emili aliivuta kwa nguvu zake zote, ikashika. Akavaa. Hatua ya kwanza ubao ukaenda, ukakaa pale alipouweka. Hatua ya pili. Hakugeuka kututazama. Alipanda akikata kona, polepole, bila kusimama, akawa mdogo kama mbuzi, kisha kama kuku, kisha kama chawa kwenye shuka. Ruben akasema, "Miti yangu ile." Nikasema ndiyo. "Na mushono wako mubaya." Nikasema ndiyo. Kule juu chawa akasimama, akainama, akakaa muda akihangaika na miguu yake. Halafu akaja. Nilikuwa nimeitazama picha ya ukutani mwaka mzima bila kuelewa ile mistari miwili ni nini. Sasa niliiona ikichorwa, kushoto, kulia, kushoto, na sauti yake ikatufikia nyuma yake, kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Alipotufikia alikuwa analia, au ni upepo. Kanda mbili za ngozi zilikuwa kifuani mwake, ndani ya koti. Alitoa mmoja akampa Ruben, "kwa sababu ya kwapa." Wa pili alisema anakwenda nao kwao.

Barua aliniandikia Masisi, wiki ya kuondoka kwake. Sikuweza kuisoma vizuri, ilikuwa Kifaransa cha mtu mzima, na nilimpelekea Padri. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni pale pale. Kisha akanitafsiria, na maneno hayo niliyashika kichwani: kwamba kijana huyu alifanya kazi nzuri na akakosea, kwamba alichelewa kusema lakini alisema, na alipoulizwa amechelewa kiasi gani hakudanganya, na kwamba inafaa apewe kazi mapema, kabla hajazoea kuchelewa. Padri alikunja karatasi. "Njoo Jumatatu," akasema. Nilikaa katika karakana ile hadi nywele zikageuka mvi, na kila kijana niliyempokea nilimfundisha kwanza kuuliza swali la pili.

Sasa nilikuwa chini ya turubai, kwenye kiti kizuri, na Furaha alikuwa amemaliza hadithi. Nilielewa alichokifanya Ruben. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amekata kipande kimoja tu, jioni moja na asubuhi moja, na kwa kukikata alinifanya mtu ambaye watoto wake wangemheshimu. Ilikuwa zawadi. Nilijiambia ni dhambi kumvunjia marehemu zawadi yake siku ya pili ya kilio. Nikajiambia pia kwamba pengine haijalishi, nani ajuaye. Hayo maneno ya mwisho niliyafahamu. Nilikuwa nimelala nayo chini ya kichwa zamani. Nikaweka sahani chini. "Mutoto wangu," nikasema, "haikuwa mara moja." Nikawaambia yote, supu, mikono mifukoni, mtu mzima ameketi kwenye theluji anaipigapiga miguu yake isiyo na kosa. Nilisema kwa muda mrefu, na nilipomaliza hakuna aliyetafuna. Yule mzee alikitazama kiti alichonipa. Furaha alikuwa ameinamisha kichwa.

Aliyecheka alikuwa mjane. Mama Odeta alikuwa amekaa mkekani nyuma ya wote, amejifunika kitenge, sikudhani hata anasikiliza. Alicheka mpaka akajifuta machozi, ya kicheko pamoja na yale ya jana. "Ruben alisema!" akawaambia wanawake waliomzunguka. "Kwenye kitanda yake alisema: 'Milimetre akikuja kwenye kilio yangu, ataharibu hadithi yangu. Atapima, ataona inapita kidogo, ataikata.'" Akanigeukia. "Papa, ulichelewa tena, tulifikiri utakula umalize, uende. Furaha, mupe basi. Baba yako alisema tumupe akiisha kuiharibu. Mbele ya pale, hapana."

Furaha akasimama, akanipa ukanda kwa mikono miwili. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Manyoya yalikuwa yametoka sehemu nyingine, na mahali pa kitanzi cha kwanza palibaki matundu madogo yaliyolingana, safi, matupu. Kwenye ncha ya pili mishono yangu mibaya ilikuwa ingalipo yote. Nilipitisha kidole gumba juu yake, mmoja mmoja, bila kupima, nikaomba niongezewe ndizi.